Mwisho Niliomwandikia Kifutio

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza kwenye chumba cha Mama cha kupiga chapa. Kilikuwa chumba chembamba chenye kompyuta mbili, benchi la wateja, na mashine ya kutolea nakala iliyogoma kufanya kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Watu walileta barua zilizoandikwa kwa mkono, nyingine kama zimeparurwa na kuku, nami nilizisoma kwa sauti huku Mama akichapa bila kutazama vidole vyake.

Watu walimwita Mama Herufi, kwa sababu hakuna kosa lililompita. Aliwahi kumwambia bwana harusi mmoja kwamba kadi zake hazitachapwa mpaka jina la mchumba wake liandikwe sawasawa. Yule bwana alibisha, akaenda kumuuliza mwenyewe, akarudi ameinamisha kichwa.

Chini ya lile benchi ndipo alipokuwa akicheza mdogo wangu. Tulimwita Kifutio, maana tangu alipojua kutambaa alikuwa akiokota vifutio na kuvitafuna. Alizaliwa na kasoro ya moyo. Alipofika miaka sita alilazwa hospitalini wiki tatu, na katika wiki ya tatu akafa. Nyumbani hatukulitumia neno hilo. Baba alisema "tangu yale yatokee," na Mama hakusema kitu. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya benchi kwa miezi mitano, na kila nilipofagia nilikizunguka.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa fundi cherehani, nasi tulimwita Fundi tu. Kila baada ya miezi mitatu alitutaka tutunge hadithi za kijitabu cha watoto wa kanisa. Mama alizichapa, kisha sisi watoto tulikunja karatasi na kuzipiga pini juu ya meza ya Fundi ya kukatia vitambaa. Safari ile alisema tuandike juu ya imani wakati wa mateso.

"Andikeni mnachokijua," alisema. "Msiniletee malaika wenye mapanga ya moto, nimewachoka."

Niliandika juu ya msichana ambaye mdogo wake ni mgonjwa wa moyo. Madaktari wanakata tamaa. Msichana anafunga siku tatu, hali kitu, anakunywa maji tu na kuomba. Siku ya tatu mdogo wake anafumbua macho, anaketi kitandani na kuomba chai. Niliandika kwa haraka, bila kufuta hata mstari mmoja, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu.

Kesho yake nilimsomea Mama. Alichapa. Nilisubiri aniambie, mwanangu, hapa umekosea, haikuwa hivi. Alichapa mpaka mwisho, kisha akauliza, "Aliomba nini alipoamka?"

"Chai."

"Weka na mkate," alisema, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Alipenda mkate."

Nikaweka na mkate.

Jumapili vijitabu vilipogawiwa, Fundi aliniita mbele nisome. Watu wa kanisani walimjua Kifutio, kwa hiyo walijua kwamba nimetunga, na baadhi yao walifuta machozi. Walipiga makofi hata hivyo. Mtu mmoja tu hakujua. Alikuwa msichana wa darasa letu tuliyemwita Mrefu, kwa sababu alitupita wote kwa kichwa kizima. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake wiki sita tu kabla ya siku ile, baada ya mama yake kulazwa hospitali kuu akisubiri upasuaji wa kichwa.

Alinisubiri mlangoni.

"Ni habari ya kweli ile, au umetunga?" aliuliza.

Ningeweza kusema nimetunga. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini bado nilikuwa na yale makofi masikioni, na kwa kitambo kile mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani anakula mkate, nami sikutaka kumlaza tena.

"Ni ya kweli," nilisema. "Ni mdogo wangu."

"Na sasa yuko wapi?"

"Nyumbani."

Mrefu alinishika mkono, akaubana kwa nguvu, akaenda zake karibu akikimbia.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, aligawa mkate wake kwa watoto wengine. Nilidhani ni ukarimu. Jumanne alikwenda bombani mara nne kunywa maji, na darasani mwandiko wake ukaanza kupanda mlima na kushuka. Moyoni nilijua. Nilijua, nikajifanya natafuta rula yangu begini.

Jumatano tulipokuwa mstarini tukisubiri kuingia madarasani, Mrefu alianguka. Hakupiga kelele wala kujishika popote, alikunjika tu, na paji la uso likagonga ukingo wa ngazi. Walimu wawili walimbeba hadi chumba cha huduma ya kwanza. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama nyuma yake, niliambiwa nimbebee begi.

Mwalimu wa afya alimfunga kitambaa kwenye jeraha, akamletea chai yenye sukari nyingi. Mrefu alibana midomo.

"Kunywa, mwanangu. Umekula nini leo?"

Mrefu alikisukuma kikombe pembeni.

"Na jana?"

Mrefu aligeuza uso. Mwalimu wa afya alikwenda kumpigia simu shangazi yake, na hapo hapo Mrefu akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Pumzi yake ilikuwa na harufu kali ya njaa.

"Leo ndiyo siku ya tatu," alinong'ona. "Nikinywa hii nitaharibu kila kitu. Usiwaambie."

Nilimtazama. Midomo ilikuwa imepasuka. Niliogopa sana. Nilijua kwamba nikinyamaza ataendelea, hata siku ya nne, hata ya tano, maana mama yake asipopona atadhani hajafunga vya kutosha. Nilijua hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa ninawaza mimi.

"Mrefu," nilisema, "nilikudanganya. Mdogo wangu hakuamka. Alikufa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo. Halikuwa kubwa kama nilivyodhani.

"Lakini ulifunga."

"Sikufunga. Nilitunga."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo, na ninaomba nisitazamwe hivyo tena.

"Basi mama yangu?" aliuliza.

"Sijui."

"Toka," alisema Mrefu, akageukia ukutani na kuanza kulia. Mwalimu wa afya aliporudi nilimweleza yote, nikiwa nimesimama katikati ya chumba na mabegi mawili mgongoni. Hakunigombeza. Alikwenda kuketi kando ya Mrefu, akamwinua kichwa na kumnywesha chai kijiko kimoja kimoja, naye Mrefu akainywa huku analia.

Mchana nilikwenda kwa Fundi. Alikuwa akifumua mkono wa koti kwa kisu chake kidogo, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona uso umekusawajika?"

Nilimweleza. Kisu kilisimama. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa chafu.

"Kosa hili tumelishona wengi," alisema hatimaye. "Mimi nilijua mdogo wako hayupo. Nilikuonea huruma, nikasema acha mtoto apate faraja yake. Sikufikiria atakayesikia na kuamini." Aliinua lile koti. "Hili nililishona mwenyewe, nikakosea. Sasa nalifumua. Uchungu wake ni huo tu, kwamba kufumua kunachukua muda kuliko kushona. Nenda kwa mama yako mkachape ukurasa wa mwisho upya. Vijitabu nitavikusanya."

Usiniulize niliandikaje ule ukurasa. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Alhamisi, mteja wa mwisho alipoondoka, nilimwambia Mama kuna kazi moja bado. Nilimweleza kuhusu Mrefu. Alisikiliza, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Soma," alisema.

Nikasoma: "Tuliomba kila siku. Mama aliomba, Baba aliomba, na madaktari walifanya kazi yao. Mdogo wangu alikufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, wakati mimi nipo shuleni nakula mkate na kucheka."

Vidole vya Mama vilisimama.

"Saa nne kasorobo," alisema. "Nilikuwepo."

Nilichukua kalamu nisahihishe. Akanishika mkono.

"Huo mkate umeuweka wa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nakula, Mama. Msichana wa kwenye hadithi alifunga. Mimi nilikula, tena nilicheka."

Mama alizungusha kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Miezi mitano umelibeba hili peke yako?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Nisikilize. Mkate wako haukumuua mtu. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu akiwa tumboni mwangu. Unadhani mimi sikujiuliza? Nilijiuliza nilikula nini, nilibeba mzigo gani, nilimkosea nani. Daktari aliniambia si kosa langu, nikamwitikia tu kwa adabu. Nikaja hapa nikachapa kwamba aliamka akaomba chai. Mimi, ninayewarudishia watu kadi kwa herufi moja." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Nilitaka kuyaona yale maneno yamechapwa. Mara moja tu."

Tulilia pamoja pale, na mtu aliyekuja kutoa nakala alichungulia mlangoni akaondoka zake kwa hekima. Baadaye Mama alijipangusa uso, akaurudisha mkono kwenye kompyuta.

"Soma."

"Sijui kwa nini Mungu hakutupa tulichomwomba. Siku nyingine namkasirikia. Hata hivyo bado naongea naye, kwa sababu usiku wa siku ile alikuwa ndiye pekee ambaye hakuniambia ninyamaze."

Nilisita. "Hiyo ya kukasirika niiondoe?"

"Iache," alisema Mama. "Ni kweli, na Yeye anaijua tayari." Kisha akapanda juu mistari miwili na kuweka mkato niliousahau.

Jumamosi tulikaa kwenye meza ya Fundi tukang'oa pini kwenye vijitabu sitini, tukatoa ukurasa wa mwisho na kuweka mwingine. Vidole vilichomwa vyote. Watoto wengine walinung'unika kwamba kazi hii si yao, na walikuwa na haki. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, nikachukua fungu lililokuwa kubwa kuliko yote.

Jumapili nilisoma tena mbele ya kanisa. Nilianza kwa kusema kwamba wiki iliyopita nilimwambia mtu uongo, na mtu huyo akaumia. Safari hii hapakuwa na makofi. Baba, ambaye tangu mazishi alikuwa akiketi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, aliinuka akaja kuketi kando ya Mama.

Baadaye nilimkuta Mrefu ameketi kwenye ngazi za nje, kitambaa cheupe bado kimefungwa kichwani. Fundi alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Niliketi ngazi moja chini yao.

"Mama alifanyiwa upasuaji Ijumaa," Mrefu alisema bila kunitazama. "Ulikwenda vizuri, ila hajaamka bado. Wanasema tusubiri." Akamgeukia Fundi. "Fundi, kama kufunga hakumlazimishi Mungu, tuombe vipi?"

Fundi aliketi, magoti yakilia.

"Mungu hashurutishwi na tumbo la mtoto," alisema. "Wakubwa wanaofunga hufunga ili watulie mbele zake, si kwa kumfunga Yeye mikono. Ninyi bado mnakua, kazi yenu ni kula, kusoma na kumwomba kama mnavyoongea na mzazi. Mwambieni mnachotaka, na mwambieni mnachoogopa. Majibu mengine mtayapenda, mengine yatawaliza, na sitawadanganya kwamba najua lipi litakuja." Akanigeukia. "Na wewe mwandishi, kumbuka hili. Imani yetu ina msalaba katikati, na hakuna aliyethubutu kuufuta ili habari ipendeze. Ukiandika juu ya mateso, andika ukweli. Aliye kwenye mateso ataisoma hadithi yako kama dawa, na dawa ya uongo humdhuru anayeinywa."

Kisha akatuacha, akaenda kufunga madirisha.

Mrefu alifungua mkoba wake akatoa kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi. Alikishika muda mrefu kana kwamba ni kizito.

"Kila nikimeza naona kama nampunguza mama," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Mama yangu anasema mkate haukumuua mtu."

Alifikiri. "Mdogo wako alipenda mkate kweli, au hiyo nayo ulitunga?"

"Alipenda kweli. Alikuwa akila katikati, ukingo ananiachia mimi."

Mrefu alikata ule mkate kwa vidole, polepole. Katikati akala yeye. Ukingo akanipa mimi.