Mzizi Uliooteshwa Kitulo

Ukungu ulikuwa umelilalia jiji la Kitulo wakati Kioteshamizizi, mashine ya kufufua maneno yaliyokufa, kilipoanza kunena. Ndani ya tufe la kioo nuru ya kijani ilijikunjua kama chipukizi, na sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikatamka: "Mlevate."

"Anatumikia," akafasiri Profesa Vyas. Mzizi huo wa kitenzi cha Kisanskriti, *mlev*, wanasarufi wa kale waliuorodhesha na kuueleza kwa neno moja tu. Ujana wake wote aliutafuta vitabuni, asiuone ukitumika.

"Mlev!" akacheka Mhandisi Tusekile, aliyelala chini ya tufe, nyuzi za nuru zikiwa zimeshika paji lake. "Profesa, umenilaza hapa kwa ajili ya mlevi? Fanya upesi. Adhuhuri mama atapiga simu kutoka Rungwe. Anaumwa, na yeye husema Kinyakyusa kitupu."

"Tulia, binti yangu."

Kitenzi kilichokufa hakioti katika chuma. Chahitaji udongo, yaani ubongo wa mtu aliyepokea lugha kifuani kwa mama yake. Humo mashine huupanda mzizi na kuyasikiliza maumbo yake yakichipua, moja baada ya jingine, hadi kwenye asili. Tusekile alijitolea kwa hiari. Baada ya kila kikao usemi wake ulipimwa kwa makini, naye alifaulu daima.

"Mimleve," tufe likanena. Alitumikia. Profesa akalia bila kuona haya.

Adhuhuri uso wa mama ukatokea ukutani, mpana na mpole, akasema maneno mengi. Tusekile aliyasikia kama mvua juu ya migomba. Maana hakuipata.

"Profesa," akauliza taratibu, "mlikuwa mkinipima kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Ndiyo lugha ya kazi."

Kisha mzee akaelewa kwamba mzizi ulikuwa ukijilisha kwa Kinyakyusa chake, akainamisha kichwa. Hata hivyo akanong'ona: "Limebaki umbo la asili. Kikao kimoja tu, binti yangu. Ni maisha yangu yote."

"Na huyu ni mama yangu. Zima."

Mzee akalizima tufe.

Ukutani mama alikuwa ameona kwamba bintiye haelewi. Akainua kikombe chake, akakigusa, akatamka neno moja polepole, kama anayemfundisha mtoto mchanga. Tusekile akapiga magoti mbele ya ukuta, akajaribu kulisema.

Akakosea. Mama akalirudia.