Jiwe Nililoliacha Hewani

Jamani, hili mtasema nimelitunga. Lakini haki ya Mungu lilitokea hapahapa Kareeput, na mimi nikiwa katikati yake: mtoto wa miaka tisa alikaribia kufa kwa sababu ya jiwe ambalo halikumgusa, halikumkaribia, wala hajawahi kuliona kwa macho. Na aliyemrushia jiwe lenyewe ni mimi.

Ngojeni niwaeleze pole pole, maana hata mimi nikilifikiria kichwa kinazunguka.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, nyumba ya Bibi Siena Bantam ilikuwa imetulia kabisa. Bibi anageuza mikate juu ya makaa uani. Mjukuu wake Delecia amekaa juu ya kreti, miguu karibu na moto, simu ya bibi sikioni. Mama yake, Ronel, alikuwa mbali kwenye mashamba ya zabibu, anapogoa. Delecia alikuwa na kifua kikuu, ila wakati huo alikuwa ameshameza dawa miezi miwili na mambo yalikuwa mazuri. Kikohozi kimekoma, mashavu yamerudi, na kila asubuhi akishameza anaweka alama kwenye kalenda ya zahanati iliyobandikwa jikoni. Ilibaki miezi minne tu.

Na ile sauti aliyokuwa akiisikiliza kwenye simu ilikuwa yangu.

Mnajua kwetu mlimani kuna madarubini. Wataalamu wanatoka pande zote za dunia kuja kutazama nyota zetu, lakini watoto wetu wanachokijua ni yale makuba meupe tu. Hilo liliniuma. Basi nikaanza, kila Jumamosi, kusoma habari za angani kwenye simu, nazigeuza ziwe hadithi, narekodi, natuma kwenye grupu la wazazi. Nyumba arobaini. Sikusomea, nimejifundisha kwa simu hii hii ninayoandikia sasa. Na watoto walinipenda, msinione hivi.

Siku ile nilirekodi hivi: "Watoto wa Kareeput! Jiwe kubwa kuliko kanisa letu linakuja upande wetu! Tarehe kumi na tatu Agosti! Wataalamu pale mlimani hawalali, wanalitazama! Je, tutapona? Jumamosi ijayo nitawaambia!"

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa pale pale chini ya habari: jiwe litapita mbali, mbali kuliko mwezi mara kumi, na halina madhara yoyote. Nililisoma kwa macho yangu. Nikaliweka pembeni kwa makusudi ili wiki ijayo warudi wakiwa na hamu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu. Bando likakata. Nikarudi na uchovu wangu, na jiwe nikalisahau. Nililisahau kabisa! Hadithi iliyofuata niliyowasomea ilikuwa ya pete za sayari.

Wiki hiyohiyo magari matatu yalishuka mlimani jioni, mabegi yamejaa nyuma. Sisi wakubwa tumezoea. Magari ya kule hayawashi taa kubwa, yasije yakaharibu giza la darubini. Lakini watoto waliokuwa wanacheza barabarani waliangaliana.

"Wanakimbia," akasema mmoja.

"Mbona hawajawasha taa?"

"Ili tusiwaone, wewe! Ukikimbia unawasha taa?"

Delecia alikuwepo. Akarudi nyumbani. Hakumwambia bibi yake kitu, na bibi, ambaye macho yake yana ukungu na wakati huo alikuwa na sufuria ya utumbo wa kondoo jikoni, hakuuliza.

Mwisho wa mwezi wa saba kikohozi kilirudi. Kilirudi kwa hasira. Mtoto akakonda, usiku jasho, asubuhi joto. Sista Maart wa zahanati akampima, akampima tena, akavua miwani.

"Bibi, huyu anameza dawa kweli?"

"Sista, nampa kwa mkono wangu huu!"

"Sijakuuliza kumpa. Nimekuuliza kumeza."

"Unaniita mwongo mbele ya mjukuu wangu?"

"Bibi Siena, nimekuita mwongo lini?"

Ikawa vurugu. Mama mmoja wa kanisani akasema dawa za zahanati zimekwisha muda wake. Mwingine akasema ni vumbi la malisho. Ronel anapiga simu kutoka shambani analia, msimamizi nyuma yake anapiga kelele. Na mimi, jamani, mimi nikarekodi ujumbe kwenye grupu: tumwombee Delecia, ugonjwa wake haueleweki. Haueleweki! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Kisha Bibi Siena akatoa koti kuukuu la Ronel, ambalo Delecia hulivaa asubuhi za baridi, alifue. Akahisi kitu kigumu kwenye bitana. Akachana. Vidonge. Vilikuwa vimelowa mate vikagandamana kama donge la sukari, vya wiki sita.

Alinifuata mwenyewe nyumbani kwangu, na fimbo mkononi. "Wewe si ndiye rafiki wa watoto? Njoo umuulize. Mimi ameninyamazia."

Nikaenda. Delecia amelala, blanketi mpaka kidevuni.

"Deli, kwa nini lakini?"

"Piga hesabu, kaka Elroy." Akanyoosha kidole kwenye kalenda. "Jiwe ni Agosti, dawa zinaisha Oktoba. Sasa nimeze za nini? Zinanichefua. Nikaona siku zilizobaki bora nile mkate bila kutapika."

"Jiwe gani?" akauliza Bibi.

"La kaka Elroy."

Bibi Siena akanigeukia. Wasomaji wangu, nimewahi kung'atwa na mbwa, nimewahi kuanguka kutoka kwenye lori. Sijawahi kuumia kama nilivyotazamwa pale.

Nikaanza kujieleza haraka haraka. Jiwe liko mbali. Halifiki. Mara kumi ya mwezi. Delecia akanisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akapumua.

"Sista alisema sindano haiumi. Bibi alisema mama anarudi Pasaka. Na wewe sasa unasema jiwe halifiki, kwa sababu mnataka nimeze." Akageukia ukutani. "Nikushike kwa lipi, la kwanza au hili?"

Nikarekodi masahihisho kwenye grupu, nikapiga kelele kabisa: hakuna hatari, watoto, hakuna! Baada ya dakika kumi mzazi mmoja akajibu: "Elroy, wangu anasema sasa ndiyo ameamini. Eti wakubwa wakianza kutuliza watu, ujue limefika." Nilikaa chini. Nilichorekodi ili kuzima moto kilikuwa petroli.

Sista Maart alitaka kumpeleka hospitali ya mjini, kilomita mia moja na kumi. "Lakini akikataa kumeza huko pia," akasema, "nitamshikilia pua kila siku?" Hapo ndipo nilipompigia Bwana Fourie, fundi anayeosha vioo vya madarubini. Nikamweleza kila kitu, na aibu yangu juu.

"Mlete," akasema. "Njia ya mjini inapita geti letu."

Tukampandisha mchana, mimi na Bibi, amevaa barakoa, ndani ya gari la Sista. Bwana Fourie, jitu la ndevu nyekundu, alichuchumaa nje ya geti, upepo unapiga, akawa sawa naye kwa urefu.

"Nasikia una maswali, bibie."

"Kwa nini mlikimbia na mabegi?"

"Mabegi?" Akacheka, kisha akaona mtoto hacheki, akaacha. "Tunakaa huku wiki nzima. Zile ni nguo chafu. Mke wangu alinusa soksi zangu akafungua madirisha yote."

Delecia hakutabasamu. "Na jiwe?"

Bwana Fourie hakumwambia usiogope. Aliingia ofisini akatoka na karatasi ndefu. "Unajua kusoma majina? Hawa wote wameomba zamu ya kutazama nyota hapa. Darubini ni chache, watu ni wengi, wanagombana kama kuku. Soma tarehe."

Delecia akasoma kwa kidole. Septemba. Oktoba. Desemba, majina sita. Akarudi juu, akashuka tena mpaka jina la mwisho.

"Huyu wa Desemba anajua habari za jiwe?"

"Huyo ndiye aliyeipima njia yake, na bado akaomba zamu."

Mtoto akakunja karatasi vizuri, akamrudishia. Akamtazama Sista Maart. "Leo ni vingapi?"

Alimeza palepale, nje ya geti, kwa maji ya chupa ya Sista. Akachefukwa, akashika mdomo kwa mikono miwili mpaka vikatulia. Bibi Siena alitazama pembeni, mabega yanatikisika.

Hospitali walimlaza wiki saba. Tarehe kumi na tatu Agosti ilimkuta kitandani, ikapita bila mtu kuiona. Akaanza dawa upya, siku ya kwanza, miezi yote sita. Amepona? Anapona. Ila pafu la kushoto limebaki na kovu, na akipanda kwenda shule anasimama mara mbili. Ronel aliacha kazi shambani akarudi. Hajanisemesha mpaka leo, na simlaumu.

FUNZO

Wazazi, walimu, na wewe kijana mwenye simu: mtoto hasikilizi habari kama sisi. Sisi tunasikia kwa ajili ya utamu, yeye anapanga nayo maisha yake. Ukimpa habari ya kutisha, mpe na mwisho wake palepale, kabla hajasimama kwenda kucheza. Usimkatie katikati ili akutamani. Na usimdanganye kwa mambo madogo, sindano haiumi, mama anarudi Pasaka, kwa sababu siku utakapokuwa na ukweli wa kumwokoa, atakuuliza akushike kwa lipi.

Sasa na mimi niulize, maana nimekwama kweli. Wiki iliyopita nimesoma habari ya jiwe lingine. Safari hii wataalamu wenyewe bado wanapima njia yake, hawajajua. Mwisho haupo, nimeutafuta mpaka chini. Watoto wa nyumba arobaini wataisikia tu, kama si kwangu basi kwingine, na Delecia bado ana miezi miwili ya vidonge. Jumamosi ni kesho. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungewasomea, au ungenyamaza?