Mgeni Aliyekuja Mikono Mitupu

Maija Lahti alikung'uta theluji kwenye mabuti yake, akainama mlangoni na kuokota bakuli la kioo lililofunikwa kwa foili. Lilikuwa bado la moto. Ubavuni lilibandikwa utepe wenye jina: Halvorsen. Maija aligeuka kutazama barabarani, lakini gari la Bwana Halvorsen lilikuwa tayari linakata kona.

"Mama! Hotidishi nyingine!"

"Ya nani leo?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Ya Bwana Halvorsen. Amepiga kengele, halafu huyoo, ametoka mbio kama mwizi!"

"Mwana wewe! Usimseme jirani hivyo. Iweke kwenye friza."

"Friza haifungi, Mama."

Na kweli haikuwa inafunga. Tangu baba yake Maija, Arne Lahti, apasuliwe kichwa na kutolewa uvimbe kwenye ubongo, majirani wa Birch Landing walikuwa hawajapumzika kuoka hotidishi, yaani chakula cha kuokwa chote katika bakuli moja. Viazi na nyama ya kusaga, tambi na kuku, viazi tena na uyoga, vyote kwenye mabakuli yenye majina. Huo ndio ulikuwa upendo wa watu wa kaskazini mwa Minnesota. Walikuachia chakula mlangoni, wakaondoka kabla hujafungua, wasije wakakusumbua. Ukikutana nao dukani wakakuuliza habari, ulitakiwa ujibu, "Tuko sawa tu," nao walipumua na kwenda zao.

Mtu mmoja tu ndiye hakufuata desturi hiyo, naye alifika jioni hiyohiyo, kama ilivyokuwa kawaida yake kila Alhamisi. Hakuja na bakuli wala chupa ya maziwa. Alikuja na mikono mitupu na njaa yake.

"Nani kapika?" Bi Lorraine Cadotte aliuliza huku akivua koti. "Msiniambie ni tambi tena, nitalia."

Bi Lorraine alikuwa mjane, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe mezani. Alifanya kazi ya kujitolea katika shirika la Bega kwa Bega, linalowasaidia watu wenye uvimbe kwenye ubongo pamoja na jamaa zao. Shirika hilo lilikuwa na kanuni moja iliyowashangaza wengi. Aliyetumwa nyumbani kwa mgonjwa asipeleke kitu. Aende akae, ale walichonacho, azungumze nao. Siku ya kwanza mama yake Maija nusura afe kwa aibu, maana mgeni alimkuta na vyombo vichafu. Bi Lorraine akakunja mikono ya sweta, akaviosha, kisha akaomba chai.

Tangu hapo familia ile ikampenda. Yeye ndiye aliyekwenda na Mama hospitalini na kumwomba daktari arudie maneno yake kwa lugha ya watu, mpaka yakaeleweka. Yeye ndiye aliyempeleka Maija kwenye kundi la watoto la Bega kwa Bega, ambako mtoto angeweza kusema "naogopa" na wenzake wasimtazame vibaya. Tena hakuzungumza na Mama kana kwamba Baba hayupo, kama wafanyavyo wengine, eti "Arne anaendeleaje?" na Arne mwenyewe ameketi pale. Alimgeukia yeye mwenyewe na kubishana naye kuhusu hoki ya barafu hadi mishipa ikawatoka.

"Haya, bwana mkubwa," alisema jioni hiyo wakianza kula, "hali yako?"

"Niko sawa tu," Baba alijibu.

"Na wewe, Maija?"

Maija alikwaruza sahani kwa uma. "Niko sawa tu."

Bi Lorraine aliwatazama wote wawili. "Hizo sawa zenu zimepoa kuliko hizi tambi," alisema, akaendelea kula.

Maija alihisi uso ukimchoma, kwa kuwa alikuwa na siri.

Mapema wiki ile, wakati wa chai ya asubuhi, Baba alikuwa akimmiminia maziwa. Ghafla macho yake yakasimama. Mdomo ukacheza kama mtu anayetafuna, mkono wa kushoto ukakakamaa, maziwa yakafurika na kutiririka sakafuni. Maija alimwita, asiitike. Baada ya kitambo kidogo Baba akapepesa macho, akauliza, "Nani kamwaga maziwa?"

Alipoelewa kilichotokea, alimshika Maija mabega. "Ni uchovu tu, mwanangu. Usimwambie mama yako. Wakijua wataninyang'anya gari. Tafadhali."

Gari lenyewe halikuwa gari la kawaida. Baba alikuwa mwendeshaji wa gari la kulainisha barafu kwenye uwanja wa hoki. Wakati wa mapumziko aliingia nalo taratibu, akazunguka, na barafu iliyokwaruzwa ikabaki inang'aa nyuma yake huku watu wakimpigia makofi. Baada ya upasuaji alikatazwa kwa muda mrefu kuendesha. Aliporuhusiwa kurudi kazini, uwanja mzima ulisimama. Maija hakuwahi kumwona baba yake akiwa na furaha kama siku ile. Ndiyo maana aliahidi kunyamaza.

Lakini siku moja kabla ya Alhamisi hiyo, rafiki yake Tilly alimjia shuleni akirukaruka. Mama yake Tilly naye aliwahi kuugua uvimbe wa ubongo, na wasichana hao walijuana kwenye kundi la Bega kwa Bega.

"Maija! Gus amechaguliwa!" Gus alikuwa mdogo wake Tilly, wa chekechea, na kila mechi mtoto mmoja alichaguliwa kupanda gari lile. "Jumamosi ndiye atakayepanda na baba yako kwenye gari la barafu! Jana kalala na helmeti kichwani, chizi yule!"

"Jumamosi hii?"

"Sasa ya lini? Mbona umenuna? Unamwonea wivu mtoto mdogo?"

"Sina wivu wowote. Niache!" Maija alikimbilia chooni, akajifungia, akalia. Kiti alichokalia mtoto kwenye gari lile kilikuwa cha juu, na lile gari lilikuwa zito kama lori. Macho ya Baba yakisimama tena katikati ya barafu, je? Lakini akisema, Baba atamwona msaliti. Akinyamaza, Gus anaweza kuumia.

Baada ya chakula, Baba na Mama wakiwa bado mezani, Maija alisimama jikoni akifuta vyombo alivyosuuza Bi Lorraine.

"Bi Lorraine, mtu akiahidi kutosema jambo, halafu jambo lenyewe ni la hatari?"

Bi Lorraine hakuacha kusugua bakuli la Halvorsen. "Hatari kwa nani?"

"Kwa mwenye jambo. Na kwa mtoto wa watu."

"Basi hiyo si ahadi ya kubebwa na mtoto, Maija. Ni mzigo mzito mno. Unataka niseme mimi?"

Maija alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Nikimsema nyuma ya mgongo wake itakuwa vibaya zaidi."

"Vizuri. Twende. Maneno ni yako, mimi nitakaa ubavuni pako."

Walirudi mezani. Maija alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Baba, samahani. Mama, Baba alizimika akiwa macho wazi. Alimwaga maziwa na hakujua. Na Jumamosi anampakia Gus."

Mama aliweka kikombe chini. Baba alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Nilikuamini wewe!" alifoka. "Wewe, Maija!"

"Arne," Bi Lorraine alisema.

"Arne nini? Ninyi hamjui! Nilishakuwa mtu wa kulishwa na kusindikizwa chooni. Lile gari ndilo kazi yangu, ndilo mimi!"

"Tunajua," alisema Bi Lorraine, safari hii bila kicheko. "Marehemu mume wangu aliisema sentensi hiyohiyo kwenye kiti kama hicho. Kasirika tu, una haki. Lakini funguo ziweke mezani."

Baba alisukuma kiti nyuma, akasimama. Kisha Baba akatoa funguo mfukoni, akazitupa karibu na chumvi, akatoka kwenda kupasua kuni kwenye baridi. Mama alimpigia simu daktari. Daktari akasema hicho ni kifafa, kwamba huwapata wengi waliougua uvimbe wa ubongo, na kwamba Arne asiendeshe chochote mpaka amwone Jumatatu. Ijumaa nzima Baba hakusema na Maija ila "pitisha siagi."

Jumamosi walikwenda uwanjani hata hivyo, kwa kuwa Bi Lorraine alikuja kuwachukua na hakuondoka walipomwambia hawaendi. Baba aliketi amekunja uso, kikombe cha kahawa ya moto mkononi, Maija pembeni yake. Kipenga cha mapumziko kililia. Gari la barafu likaingia, likiendeshwa na mtu mwingine, na juu yake Gus, helmeti imemfunika nusu ya uso, akipunga mikono yote miwili.

"Mwone Gus, Baba!" Maija alisema.

Baba hakujibu. Macho yake yalikuwa yamesimama, mdomo unatafuna, kikombe kimeanza kuinama.

Maija alikumbuka waliyofundishwa kwenye kundi la Bega kwa Bega. Mwondolee vya hatari. Usimbane, usimtie kitu mdomoni. Tazama saa, kaa naye. Aliitoa kahawa polepole kwenye vidole vya Baba, akaiweka chini, akamwekea mkono begani. "Niko hapa, Baba. Uko uwanjani. Niko hapa." Mama alisogea upande wa pili, macho kwenye saa ya ukutani. Chini yao gari lilizunguka kona, taratibu, na watu wakampigia Gus makofi.

Lilipokuwa linatoka mlangoni, Baba alipepesa macho. Alitazama mkono wake mtupu, kisha kikombe sakafuni, kisha barafu iliyong'aa kote.

"Limeshazunguka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uwanja wote, Baba."

Baba alimwona Gus akishushwa na kumkimbilia dada yake, mzima, akipiga kelele. Akamvuta Maija kifuani na kulia mbele za watu, jambo ambalo akina Lahti hawakuwahi kulifanya.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikubebesha woga wangu nikauita siri," alisema. "Nilidhani ushujaa ni kusema niko sawa. Kumbe ushujaa ni ule uliofanya juzi, ukijua nitakukasirikia. Anayekupenda kweli hakusaidii kuficha ugonjwa. Anausema, halafu anabaki."

"Mh! Na mimi siku zote nimekuwa nikisema nini?" alinung'unika Bi Lorraine, akijifuta pua kwa mtandio.

Jumatatu daktari alibadilisha dawa, na vipindi vile vikapungua, kisha vikapotea. Funguo za gari la barafu hazikurudi mwaka ule. Lakini Bi Lorraine alizungumza na meneja wa uwanja, na Baba akapewa kazi ya kunoa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, kwenye kibanda kilichozungukwa na watoto kutwa nzima. Gus ndiye aliyekuwa mteja wake msumbufu kuliko wote.

Alhamisi nyingine, kabla Bi Lorraine hajafika, kengele ililia. Maija hakungoja. Aliruka na soksi zake hadi kwenye theluji, akamkuta Bwana Halvorsen akiwa ameshafika nusu ya njia kuelekea garini.

"Bwana Halvorsen! Njoo ndani!"

"Aa, sitaki kuwasumbua," mzee alisema, akirudi kinyumenyume. "Mko sawa, lakini?"

Maija aligeuka kumtazama baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Baba akatikisa kichwa kukubali.

"Hapana," Maija alisema, "hatuko sawa sana. Lakini chakula kipo kingi. Karibu ukae."

Bwana Halvorsen alisimama kidogo akichezea funguo zake. Kisha akavua kofia, akaingia.