Namba Nne Aliyenyamaza

Nje ya ukumbi wa usaili pale Nagpur makarani wa benki walikuwa wakikanyagana. Mwanangu Mrunal, kwenye sari yake ya kijani ya pamba, alikuwa ameshikilia kikaratasi cha namba kifuani kwa kidole. Pini ilikuwa imedondoka.

"Namba nne, chukua yangu," kijana mmoja akamwambia.

"Na wewe je?"

"Namba saba haipotei. Huyaoni masikio haya makubwa?"

Ndiye Shirish, karani wa benki yao, tawi jingine. Wote walikuwa wakiutafuta uafisa. Mle ndani watu wanane huizunguka meza, hupewa hoja, hujadiliana; wakubwa hukaa ukutani wakiandika nani ana kichwa cha uongozi.

Mwaka ule walikosa wote wawili. Wakaanza kufanya mazoezi kwa simu.

"Hoja yako imeoza, mpenzi," Mrunal humwambia.

"Ioze tu, bora unaisikiliza."

Nakanda unga, nasikia kicheko. Basi nikaogopa ubishi huo utamkimbiza kijana. Mwaka uliofuata walipopangwa meza moja, Mrunal kapewa nne ileile, nikamwambia: "Usimbishie mwanamume mbele za watu. Nani atakuoa?"

Mtoto akatii. Kila Shirish alipomgeukia, "Namba nne, unaonaje?" yeye akajibu, "Nakubaliana naye." Mara tatu!

Shirish akapata. Mrunal akakosa.

Simu ikalia. "Mwaka mzima unanichana, leo unanionea huruma? Cheo cha kuachiwa sikitaki!"

"Shirish, nisikilize..."

Akakata.

Siku tisa chakula kilimpolea Mrunal sahanini. Ya kumi nikampigia Shirish mimi. "Baba, mdomo wake niliufunga mimi. Mimi niliyeishia darasa la tano, niliogopa asije akakosa mume."

Akacheka. "Mama, nakuja."

Akaja na boksi la pedha, vile vitamu vya maziwa, na pini moja.

"Mrunal, nikuoe?"

"Kwanza shati hilo halikupendezi."

"Haya, amerudi! Sharti moja: mwakani hiyo pini uivae, na usikubaliane na mtu kwa kumwogopa."

Mwaka uliofuata aliivaa, akabishana, akapata.

Enyi wenye mabinti, nawaonya: hofu yangu ilimlia mwanangu mwaka mzima, na nusura imlie na mchumba. Leo yeye na mumewe wanabishania chumvi ya dengu jikoni kwangu, na anayenyamaza ni mimi.