Mashua Iliyozibwa kwa Nta

Redio alinyamaza katikati ya kisa, na hapo ndipo daktari wa meno alipojua kwamba mambo yameharibika.

Tangu walipong'oa nanga nahodha huyo hakuwa amefunga mdomo. Jina la Redio alipewa na watu wa visiwani, naye hakulikataa, maana alikiri mwenyewe kwamba akinyamaza masikio humuuma. Alikuwa anasimulia habari za mbuzi wa shemeji yake aliyepanda mashua bila mwenyewe kujua, kisha akageuka kutazama milima ya upande wa machweo na maneno yakamkatikia kinywani. Mbele ya vilele vya theluji palikuwa na ukuta mweusi, umechanikachanika chini kama ukingo wa shuka lililochakaa. Ukuta ule ulikuwa unatembea.

"Mama, kaa chini kabisa," alisema. "Daktari, funga hilo kasha vizuri."

Aliyeitwa Mama alikuwa mama mkwe wa daktari, mwokaji mikate mstaafu, mwenye mikono minene na maneno machache. Alikuwa ameishi miaka yake yote mjini, kwenye ufuko wa ziwa lile, akaliona kila siku kupitia dirisha la chumba cha tanuri lake, lakini hakuwahi kukanyaga kisiwa hata kimoja. Safari hii alijipakia mwenyewe. "Kila mara unatuachia nyumba na kupotelea huku," alimwambia mkamwana wake. "Acha nikaone kinachokuchukua." Hakusema kwa ukali, ila hakusema kwa kutabasamu pia.

Basi daktari alikuwa amemwonyesha. Ziwa lenyewe lilikuwa juu sana, karibu na mawingu kuliko na bahari, mahali ambapo mgeni akipanda ngazi kumi husimama kutafuta pumzi. Walianzia kisiwa cha mawe, ambako watu wamejenga kuta ngazi kwa ngazi mpaka kileleni ili udongo usiteleze, na kila kiganja cha udongo kilipandishwa kwa mgongo wa mtu. Kisha wakaenda kisiwa cha matete, ambacho si kisiwa hasa bali lundo kubwa la matete yaliyofungwa na kurundikwa mpaka yakabeba nyumba, kuku na darasa la watoto. Ukitembea, ardhi inabonyea chini ya nyayo kama godoro. Daktari alikunjua kiti chake cha wagonjwa darasani, akatibu mpaka mgongo ukamkakamaa, na mama mkwe akakaa mlangoni akitazama. Jioni alisema tu, "Kumbe watu hawa wanajenga nchi kwa nyasi." Daktari hakujua kama huo ulikuwa mwanzo wa jambo au mwisho wake.

Sasa walikuwa njiani kwenda kisiwa cha tatu, na upepo ukawafikia.

Ulianza kwa baridi iliyopenya koti moja kwa moja. Halafu ikaja mvua ya mawe, kwanza ndogo kama maharage, kisha kubwa hata maji yakawa yanaruka juu kana kwamba yanachemka. Mawimbi yaliinuka mafupi na ya karibu karibu, moja halijamaliza kuwapiga na jingine limekwisha kufika. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Redio aliinamia mtambo, akafungua, akapuliza, akafunga. Haikuwaka.

"Maji yameingia kwenye mafuta," alisema. "Shikeni makasia."

Walipiga makasia, lakini upepo ulikuwa na njia yake. Jabali lilitokea mbele yao ghafla, jeusi, limeng'aa kwa maji. Redio aliruka mbele na kasia ili kuizuia mashua isigonge. Alifaulu mara ya kwanza. Mara ya pili wimbi liliinua mashua na kuisukuma kwa nguvu zake zote, kasia likavunjika, na daktari akasikia sauti mbili kwa pamoja: mlio wa faiba ya mashua ikitoboka na mlio wa bega la Redio likitoka mahali pake.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Rukeni," na wakaruka.

Maji yaliwafika kifuani. Baridi yake haikuwa ya kukufanya utetemeke. Ilikuwa ya kukunyang'anya pumzi usijue ilikokwenda. Daktari alimsukuma mama mkwe juu ya mwamba, akarudi kumshika Redio kwa mkono wake mzima, kisha wote watatu wakaikamata kamba ya mashua na kuivuta, hatua moja, wimbi moja, mpaka ikakaa juu ya mawe. Kasha la vifaa na kiti cha wagonjwa vilikuwa bado vimefungwa humo ndani. Daktari akakaa chini, akatapika maji, akainuka.

Jabali lile halikuwa na mti wala nyumba. Lilikuwa na mwinuko mmoja wenye pango fupi, la kutosha mbuzi wawili kujikinga, na ndani yake ndege walikuwa wamejenga viota vya matete makavu mwaka baada ya mwaka.

"Mama, vua nguo zilizolowa," alisema daktari.

"Mbele ya nahodha?"

"Nahodha atageuka."

"Nimekwisha kugeuka," alisema Redio, ameegemea jiwe, uso umepauka. "Hata nisingegeuka, Mama, macho yangu yamejaa barafu."

Ndani ya kasha, kwenye mfuko wa plastiki, mlikuwa na makoti meupe ya kazi na taulo. Daktari alimvika mama mkwe makoti mawili, moja juu ya jingine. Alitazama midomo yake, ambayo ilikuwa imegeuka rangi, akashika vidole vyake na kuviona vigumu. Alijua dalili inayofuata: mtu huacha kutetemeka na kuanza kujisikia vizuri. Alimfunga Redio mkono kifuani kwa taulo.

"Unaweza kulirudisha?" aliuliza Redio.

"Mimi kazi yangu ni kutoa, kaka yangu. Nikijaribu kurudisha nitakuharibu. Wacha wenye kazi yao walione."

Redio alicheka kidogo, kisha akajuta kucheka.

Kiberiti kilikuwa uji. Lakini mashua ilikuwa na betri, na betri ilikuwa imefungwa juu, haikulowa sana. Redio alimwelekeza daktari nyaya za kukata. Daktari alilowanisha pamba kwa spiriti ya kusafishia vifaa, akaisogeza kwenye viota vilivyochambuliwa, akagusanisha nyaya. Cheche ikatoka na kufa. Ya pili nayo ikafa. Vidole vyake havikuwa vinamsikia tena, akawa anavitazama kama vya mtu mwingine. Ya tatu ikaikamata pamba, ulimi wa buluu ukatambaa, na matete yakapokea.

Walisogea tu, mabega yakigusana, moshi ukiwatoa machozi.

Mvua ya mawe ilipopita, jua lilitokea kana kwamba halikuhusika na lolote. Kiu haikuwa shida, maji ya ziwa yalikuwa matamu. Redio alipima anga kwa macho.

"Viota havitatufikisha jioni," alisema. "Na jua likizama hapa, baridi inapasua mawe. Kwa hali ya Mama, hatulali hapa."

"Kisiwa kiko mbali?"

"Siyo mbali kwa mashua nzima."

Wote wakaitazama mashua. Tundu lilikuwa ubavuni karibu na chini, pana kuliko kiganja, limezungukwa na nyufa. Mama mkwe aliinuka polepole katika makoti yake meupe, akaenda kuchuchumaa mbele ya tundu lile.

"Jino likitoboka unafanyaje?" aliuliza.

"Nasafisha, nakausha, naziba."

"Haya basi."

Daktari akamtazama. Kisha akafungua kasha na kutoa mabamba ya nta nyekundu, yale anayowapa watu wang'ate ili apate alama ya meno yao. Alikuwa nayo mengi, maana visiwani wazee wengi huhitaji meno ya bandia. Alikwangua kingo za tundu kwa patasi yake ndogo, akazikausha kwa vishada vya matete yanayowaka, kwa uangalifu uleule wa kutibu jino, kana kwamba mashua ingelalamika maumivu. Nta waliiyeyusha kwenye bati la kuchemshia koleo. Wakararua shuka la kufunikia wagonjwa lililokuwa kashani, wakachovya vipande, wakavipanga kimoja juu ya kingine, ndani na nje. Hapo mama mkwe alichukua usukani. Nta ilipoanza kushikana aliikanda na kuisukuma kwa kiganja, akaibana pembeni, akaisawazisha kwa gumba, mikono ile ikikumbuka unga wa miaka yote. Daktari hakuwahi kuiona mikono hiyo ikifanya kazi kwa karibu hivi. Aliishangaa. Mwisho walikandamiza juu yake ubao wa kuegemeza kichwa kutoka kwenye kiti cha wagonjwa.

"Baridi itaigandisha vizuri," alisema daktari. "Lakini ikigongwa itapasuka."

"Basi tusiigonge," alisema mama mkwe.

Walisukuma mashua majini. Daktari alishika kasia zima, mama mkwe kipande cha lile lililovunjika, na Redio akaketi nyuma akiongoza kwa ubao chini ya mkono wake mzima. Kupiga kasia mahali pa juu vile ni kazi ya kikatili. Kila mivuto michache daktari alilazimika kusimama, mdomo wazi, moyo ukigonga hata masikioni. Akitazama pembeni alimwona mama mkwe akivuta taratibu, bila kusimama, bila kuharakisha.

Kisha ukungu ukashuka. Kisiwa kilichokuwa mbele kikafutika, jabali la nyuma likafutika, wakabaki na duara dogo la maji ya kijivu.

"Upepo umekufa lakini mawimbi bado yanatoka kulekule machweo," alisema Redio. "Yaacheni yapige upande wa kushoto. Yakianza kutupiga usoni, niambieni."

Walikwenda hivyo, wakisikiliza maji kwa ngozi. Halafu daktari akahisi nyayo zake zimelowa. Ubao ulikuwa umeanza kuachia na maji yalikuwa yanaingia kwa uzi mwembamba, kisha kwa uzi mnene. Akaacha kasia, akashika bati, akamwaga, akamwaga. Maji hayakupungua.

Mama mkwe aliweka kasia lake chini. Akajikongoja mpaka kwenye ubao, akageuka, akakaa juu yake kwa uzito wake wote, ndani ya yale maji ya barafu.

"Mama, utaganda."

"Piga kasia. Mimi si mwembamba, na leo nimejua kwa nini."

Uzi wa maji ukapungua. Daktari akapiga kasia huku analia, na hakujua kama analia kwa baridi au kwa nini. Alijua tu kwamba akisimama kupumua, mwanamke yule atazidi kukaa mle, kwa hiyo hakusimama. Mapafu yalimwaka moto. Aliendelea.

Redio ndiye aliyesikia kwanza. "Nyamazeni," alisema, na kusikia neno hilo kutoka kwake kuliwafanya wote washike pumzi.

Sufuria. Mahali fulani kwenye ukungu, mtu alikuwa anagonga sufuria. Halafu nyingine, kulia zaidi. Halafu nyingine.

Redio alijaza kifua na kuita kwa sauti iliyompa jina lake. Sufuria zikanyamaza, zikajibu, zikakaribia, na ukungu ukatoa mashua, na ubavuni mwake mashua nyingine, na nyingine tena, zote zimeunganishwa kwa kamba ndefu ili zifagie ziwa bila kupotezana. Watu wa kisiwa walikuwa wameuona moshi kabla ukungu haujashuka. Hawakungoja ukungu upande. Waliingia ndani yake.

Mashua ya mbele iliongozwa na mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa kuzunguka taya, kwa ajili ya baridi, daktari alidhani. Ndiye aliyemnyanyua mama mkwe kutoka kwenye ubao kama anavyonyanyuliwa mtoto aliyelala, akamfunika blanketi la sufu, akamkumbatia mwili kwa mwili njia nzima mpaka nchi kavu.

Waliwapeleka kwenye nyumba yake, chumba kimoja chenye kuta nene za mawe, jiko la udongo pembeni na vitanda vimesogezwa karibu nalo. Watu waliingia na kutoka bila kupigiana kelele, kila mmoja na kitu mkononi: kuni, soksi, supu ya moto. Mtu aliyejua mifupa alimtengeneza Redio bega kwa muda na kusema lazima hospitali ya mjini ilione. Mama mkwe akarudiwa na rangi. Akanywa supu, akaomba nyingine.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa chini na kufungua kile kitambaa. Shavu lake lilikuwa limevimba hata jicho limebanwa.

"Tangu lini?" aliuliza daktari.

"Siku nyingi. Tulikuwa tunakungoja."

Daktari alilitazama lile shavu, akafikiria baridi, ukungu, kasia, kila mvuto ukigonga ndani ya taya kama nyundo. "Kwa hiyo ulitoka kunitafuta kwa sababu ya jino?"

"Nilitoka kwa sababu mlikuwa majini," alisema mwanamke. "Jino lilikuja lenyewe. Sikuwa na pa kuliacha."

Daktari alinawa mikono kwa maji ya moto mpaka vidole vikalainika. Kiti kilikuwa kimebaki bila pa kuegemeza kichwa. Kabla hajaomba msaada, mama mkwe alikwisha kuinuka, blanketi mabegani, akasimama nyuma ya mwenye nyumba na kukipokea kichwa chake kifuani, mikono minene pande zote mbili. Sindano ya ganzi ikaingia. Jino likatoka na mzizi wake wote, na yule mwanamke akashusha pumzi ndefu, akafumba macho, akaegemea palepale alipokuwa.

Mashua ya kumpeleka Redio hospitali ilipokuwa tayari, mjini walikuwa wamekwisha kupata habari, na mume wa daktari alikuwa ametuma ujumbe kwamba mama yake arudi nayo. Nahodha mgeni alimnyooshea mkono kumsaidia kupanda. Redio, aliyekwisha kutandikiwa ndani, alikuwa anamsimulia nahodha huyo habari za dhoruba kwa mara ya pili.

Mama mkwe alimwekea Redio mkate aliouoka asubuhi kwenye jiko la mwenye nyumba, akamvuta blanketi vizuri kwenye bega bovu, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie mwanangu kuna visiwa bado vimebaki," alisema, akimwelekea daktari kwa kidevu. "Na huyu mtoto hana wa kumshikia vichwa vya watu."