Milango ya Vinyumba vya Emali

Asubuhi moja Othman Muli alifungua karakana yake nyuma ya stesheni ya Emali, akakuta mbele ya kila kinyumba kilichokuwa mezani pana tone la maji machafu. Tone lenyewe halikuzidi chembe ya dengu, na lilinuka sabuni. Paa halikuvuja, na mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwezi wa tano. Aliinama akayatazama kwa muda mrefu, kwani yalimwagwa kama mwanamke anavyomwaga maji nje ya mlango akishaosha vyombo.

Baba yake alichonga twiga na vifaru maisha yake yote. Othman na mwenzake Kiilu walikuwa wamepata soko jingine. Ng'ambo kuna watu wazima wanaounda mandhari nzima za treni juu ya meza, nao wa treni ndogo kabisa walilalamika kwamba madukani majengo yote ni makubwa, hakuna anayewakumbuka. Othman akawakumbuka. Alijenga maduka ya bati, maghala, misikiti na makanisa, katika kipimo ambacho mtu mzima hazidi punje ya mahindi, na nyasi akazifanya kwa unga wa mbao uliotiwa rangi.

"Mzee mzima na mvi zake," Kiilu alikuwa akicheka, "anaagiza kutoka kwetu choo cha shimo ambacho hata panzi hawezi kuingia! Wazungu hawa, ndugu yangu, hawana ng'ombe wa kuchunga?"

Hapo kwanza milango ilichorwa kwa rangi, imefungwa daima. Kisha wanunuzi wakaomba milango iliyo wazi, ili taa za ndani zionekane. Othman akaitoboa, akautia kila mmoja ubao wa kadibodi wenye bawaba ya karatasi, akaiacha wazi. Vinyumba vilikuwa themanini.

Othman alikuwa mtu wa dini. Kila jua lilipotua alifunga mlango wa nyumba yake kwa Bismillahi, kama alivyofundishwa, kwani imepokewa kwamba shetani hafungui mlango uliofungwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hakupata kufikiri hata siku moja kwamba mlango wa ukubwa wa punje nao ni mlango.

Binti yake Safa, wa miaka saba, alizoea kukaa karakanani akitoka shule. Wiki ile alianza kunong'ona na meza.

"Safa, mama, unaongea na nani?"

"Na wale wa kinyumba cha bati jekundu, baba. Wananikaribisha chakula. Lakini wanasema mimi mkubwa, sipiti mlangoni. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

Mtoto akainua mabega. Jioni hiyo hakula; wala kesho yake hakula. Mama yake, Shufaa, alimbembeleza kwa uji na ndizi mbivu, naye akajibu kwa sauti iliyozidi kufifia kwamba ameshashiba kwa harufu. Na harufu ilikuwepo: mtama ulioungua, ukitoka vinyumbani pasipo moto, na pamoja nao twanga-twanga ya kinu, hafifu kama saa ya mkononi, ambayo Othman aliisikia mchana kweupe alipokuwa akipiga msasa, akanyamaza ili aisikie vizuri nayo ikanyamaza, akarudi kazini nayo ikarudi, mpaka macho yake yakawa hayathubutu kuondoka kwenye mlango wa bati jekundu.

Akamwita Mwalimu Mikail kutoka Kitui. Mzee huyo alivaa miwani, akaikagua meza kwa utaratibu.

"Umejenga kijiji, Othman, ukakiacha wazi magharibi baada ya magharibi, bila salamu na bila jina la Mola. Wasafiri wamepata makao. Hawakuvunja kitu, tuwatoe kwa adabu."

Akawasomea wasafiri hao Kurani, akawapa siku tatu za kuhama. Ya tatu, jua likitua, kila mlango ungefungwa kwa mkono, kwa Bismillahi, wote kabla giza halijaingia.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Kiilu alisema siku hiyo, akitabasamu kwa shida, "lakini kufunga mlango sikatai."

Milango ilikuwa mingi, na jua halikungoja. Othman alipiga kelele kuvuka ua, na Shufaa akaja mbio, mikono yenye unga, Safa ubavuni. Wakafunga kwa ncha za vidole, wakilitaja jina la Mungu, Kiilu naye akiomba kwa Kikamba, na kila ubao ulipogota, kitu kama pumzi kilipita masikioni mwao kikielekea nje, kwenye mlango wa karakana ulioachwa wazi, pumzi baada ya pumzi, ya bati jekundu ikiwa ya mwisho na nzito kuliko zote, iliyoitikisa kanzu ya Mwalimu aliyesimama karibu na mlango.

Kimya. Harufu ikaondoka.

"Wapangaji wamehama!" Kiilu akacheka, akifuta jasho.

Safa alikuwa akitazama nje, uani.

"Baba," alisema, "nyumba yetu nani ameifunga?"

Othman akamgeukia Shufaa. Shufaa akaitazama mikono yake yenye unga. "Uliniita," alinong'ona. "Nilikuja mbio."

Ng'ambo ya ua mlango wao ulikuwa wazi, na ndani giza lilikuwa limeshaingia. Mbele ya kizingiti palimwagwa maji ya kujaza karai zima, povu la sabuni likiwa bado linapasuka. Harufu ya mtama ulioungua ikawafikia. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka ndani, ya upole, kama mwenye nyumba aliyeandaa chakula.

"Safa, karibu mwanangu. Kwa huu utapita."

Othman akaushika kwa nguvu mkono wa bintiye, na ndani ya kiganja chake akahisi vidole vile vidogo vikichopoka, kimoja kimoja.