Damu ya Namba Kumi na Nane

Kila asubuhi kabla ya shule, Marita alimsaidia mama yake, Anyisile, kuponda udongo wa kufinyangia vyungu. Kijiji chao kilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na vyungu vya wanawake wa pale vilipendwa hadi Kyela. Marita aliondoa vijiwe, akanyunyiza maji, kisha akaonja udongo kwa ncha ya ulimi. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha kutambua kama una mchanga. Mama alionja na kutema. Marita, maskini, alionja na kumeza.

Alianza na punje. Sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, alifunga mabonge makavu kwenye pindo la gauni na kuyatafuna njiani kama karanga. Magoti yalimlegea akipanda kilima cha shule, moyo ulimwenda mbio, na viganja vyake vilikuwa vimepauka.

"Una nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Uchovu tu, mama."

Jumatatu moja ya mwaka 1954, Bwana Hezroni alifika shuleni kutoka Itungi. Alikuwa mganga aliyezunguka vijiji vya ziwani akichunguza damu ya watoto, ajue ni wangapi walioishiwa damu na kwa sababu gani. Hadubini yake ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho aliibeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

"Nitachoma kidole tu," aliwaambia wanafunzi. "Kila mmoja ana kikaratasi chenye namba, na mwalimu ameandika majina yenu na namba hizo. Nikiona damu, mara nyingi najua hata mtu anakula nini."

Marita aliingiwa na hofu. Alimvuta rafiki yake Tulinagwe kando.

"Nipe namba yako, chukua yangu. Mama akijua nakula udongo, hataniacha niuguse tena. Sitakuwa mfinyanzi kamwe!"

Tulinagwe alisita, lakini alimpenda sana Marita. Wakabadilishana: Marita akatoa kumi na saba, akapokea kumi na nane.

Mchana, mama yake Tulinagwe aliitwa shuleni. "Namba kumi na nane ni mwanao," Bwana Hezroni alimwambia kwa upole. "Damu yake imepungua mno. Kesho asubuhi nitaondoka naye kwa mtumbwi, apelekwe hospitali." Mama yule alilia kwa uchungu, kwani mwaka uliopita alikuwa amemzika mtoto wake mdogo. Tulinagwe, aliyesimama kando na Marita, alimtazama rafiki yake, kisha akamshika mama yake mkono bila kutoa siri. Marita naye, kwa aibu, alitazama chini.

Asubuhi iliyofuata, Marita alikuwa akiponda udongo alipomwona Bwana Hezroni na Tulinagwe na mama yake wakielekea ufukweni. Mama yake Tulinagwe alibeba kifurushi cha nguo, akitembea kama mtu anayekwenda msibani. Marita hakuvumilia tena. Aliacha udongo, akakimbia. Alipofika karibu na mtumbwi, pumzi ilimwishia, akaanguka mchangani.

"Damu ile ni yangu!" alisema akihema. "Tulibadilishana namba. Nakula udongo!"

Anyisile, aliyekuwa amemfuata mbio, alishika kichwa. "Mwe! Mwanangu!"

Bwana Hezroni alikasirika. "Unajua ulichotaka kufanya? Mzima angenywa dawa bure, na wewe ungebaki hapa hadi uanguke usiinuke!" Lakini alipomwona bado anahema, alimkalisha kwenye ukingo wa mtumbwi, akawachoma vidole upya yeye na Tulinagwe, akaandaa hadubini.

"Angalieni. Hii ni ya Tulinagwe."

Marita aliona viduara vyekundu, vingi, vimejaa. Katika damu yake mwenyewe viduara vilikuwa vichache, vidogo, vyeupe katikati.

"Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, kila siku," mganga alisema. "Kazi hiyo inahitaji madini ya chuma yanayotoka kwenye chakula. Udongo unayanasa tumboni yasipite. Mama yako atafinyanga nini asipokuwa na udongo? Basi mifupa yako nayo imekosa cha kufinyangia."

Siku hiyo aliyepanda mtumbwi ni Marita, pamoja na mama yake. Alikaa hospitali wiki tatu, akanywa vidonge vya madini ya chuma, akala samaki, maharage na mboga za majani. Nyumbani aliendelea na dawa kwa miezi miwili. Kufikia mavuno ya mpunga, alikuwa akishindana na Tulinagwe kupanda kilima cha shule, na aliposhindwa alicheka tu.

Asubuhi moja mama yake aliweka vyungu viwili mbele yake. Aligonga cha kwanza kwa kidole, kikalia vizuri. Cha pili kilitoa sauti nzito.

"Hiki kina ufa," alisema. "Ningeweza kuupaka masizi, kikauzwa Kyela. Lakini kingepasukia jikoni kwa mama mwingine, kikamwaga chakula cha wanawe. Ulipoficha ugonjwa wako, aliyelia ni mama yake Tulinagwe. Ukikosea, sema mapema. Mimi pia nilikosea, maana kuonja kwa ulimi nilikufundisha mimi."

"Nisamehe, mama. Niliogopa utaninyang'anya udongo."

Anyisile alimtazama kwa huruma, kisha akamsogezea bonge la udongo mbichi. "Usugue kwa vidole karibu na sikio. Mchanga utausikia."

Marita aliusugua, akasikiliza kwa makini.

"Huu una mchanga, mama."

"Haya, fundi. Tuutoe."